Umekatwa mfuko wa chakula na unataka kufunga Ramadhani? Panga usiku kwanza

Chukua kalamu, tupige hesabu kabla ya jambo jingine lolote. Ramadhani za miaka hii zinaangukia Februari na Machi. Hapa Tanga, kwa majira hayo, adhana ya Alfajiri inatoka kama saa 11:15 na Magharibi inaingia saa 12:40 jioni au pungufu kidogo. Mchana wa kufunga, basi, ni saa 13 na nusu hivi, na usiku unabaki saa 10 na nusu. Toa saa 5 za kulala. Toa saa moja ya kula, ukijumlisha milo yote. Toa na ile nusu saa baada ya mlo ambayo sisi tuliokatwa mfuko wa chakula ili kupunguza uzito hatugusi maji. Muda wa kunywa unaokubakia ni saa 4 tu, na ndani yake unatakiwa kuingiza lita moja na nusu, funda kwa funda, katika mfuko usiopokea glasi nzima kwa mkupuo.

Mwenye tumbo zima akighafilika na maji usiku, ataamka saa 10, atabugia glasi tatu na mambo yataisha. Wewe ukijaribu hivyo utatapika, na ukitapika utaingia kwenye funga ukiwa mkavu kuliko ulivyoamka. Ndiyo maana nawaambia wagonjwa wangu wasinihadithie habari za njaa ya mchana. Njaa kwetu ni ndogo. Nataka kusikia usiku wako utaupangaje.

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Ngamiani hapa Tanga, na mfuko wangu mwenyewe ulikatwa miaka kadhaa iliyopita. Nilifanyiwa ule upasuaji unaoitwa sliv: mfuko wa chakula hukatwa karibu robo tatu na zaidi, kinachobaki ni kama mrija. Wengine wamefanyiwa baipasi, ambapo daktari hutengeneza kijifuko kidogo sana juu, cha mililita 30 hivi, kisha akakiunganisha moja kwa moja na utumbo mdogo, chakula kikaruka sehemu ya njia yake ya kawaida. Tofauti hii ni muhimu katika Ramadhani, nitaeleza mbele kwenye habari ya tende. Waliowekewa puto ndani ya mfuko wa chakula nao wapo wengi sasa, lakini puto ni kitu cha miezi kadhaa kisha linatolewa, na linaleta kichefuchefu. Kama bado limo ndani, suala la kufunga limalize na aliyekuwekea.

Kwanza: je, ni mwaka wako wa kufunga?

Kama hujatimiza miezi 12 tangu upasuaji, jibu langu ni hapana. Wataalamu wengi wanataka usubiri mwaka mmoja kwa uchache, na wengine wanasema mwaka na nusu. Sababu zake zinashikika. Miezi ya mwanzo mwili unapungua kwa kasi, na kupungua kwa kasi kunazalisha mawe kwenye mfuko wa nyongo. Misuli inaliwa pamoja na mafuta usipopata protini ya kutosha. Akiba ya vitamini B1 ni ndogo mno mwilini, inaweza kwisha kwa wiki chache tu za kutapika na kula kidogo, na ikiisha inaharibu ubongo na mishipa ya fahamu. Na mfuko wenyewe bado unajifunza. Mtu wa mwezi wa nne hata akishinda anakunywa tangu asubuhi hadi usiku anaweza asifikishe lita na nusu. Sasa umnyang'anye mchana wote, atafikishaje?

Hata mwaka ukipita, wapo ambao nitawaambia waache. Mjamzito. Mwenye figo zilizolegea. Anayetapika mara kwa mara. Aliyepata kidonda baada ya upasuaji. Mwenye upungufu mkubwa wa damu. Mwenye kisukari anayechoma insulini au anayemeza glibenklamaidi na hajaonana na daktari wake, maana dawa hiyo inashusha sukari hata kama hujala. Na anayeishiwa nguvu kwa sukari kushuka saa moja hadi tatu baada ya kula. Hili linawapata zaidi watu wa baipasi.

Najua linavyouma. Mtu amebeba uzito miaka mingi, amepona, anataka Ramadhani yake ya kwanza akiwa mwepesi aswali tarawehe kwa kusimama, halafu anaambiwa asifunge. Lakini ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qur'ani, sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185: mwenye kuumwa au aliye safarini akamilishe hesabu katika siku nyingine. Uliye ndani ya mwaka wa kwanza ni mtu unayetarajia kupona, kwa hiyo utalipa siku zako baadaye, taratibu, hata moja moja. Ambaye ugonjwa wake hautarajiwi kuondoka hutoa fidia, na kwa sisi Mashafii wa pwani ni kibaba kimoja cha chakula cha watu wa mji, mathalani mchele, kwa kila siku. Nenda kwa shehe unayemwamini ukiwa na maneno ya daktari mkononi. Mashehe wengi niliozungumza nao wanauliza swali moja tu: daktari amesemaje? Basi mpe jibu kamili, usimwambie "nina shida ya tumbo" ukamwacha abahatishe.

Rajabu na Shaabani

Usisubiri mwezi uandame. Miezi miwili kabla, pima wingi wa damu, akiba ya madini ya chuma, vitamini B12, vitamini D na figo. Ukikuta chuma kiko chini unao muda wa kukipandisha. Ukikigundua Ramadhani imeshaanza, utafunga na kizunguzungu.

Peleka pia dawa zako zote kwa daktari, uziweke mezani. Dawa ya presha ya kukojoza inaweza kuhitaji kupunguzwa au kuhamishiwa muda mwingine, kwa sababu inatoa maji ambayo huna. Vidonge vilivyotengenezwa viyeyuke polepole mchana kutwa havifanyi kazi vizuri kwa aliyefanyiwa baipasi, hilo liulize mapema. Wala usihamishe dozi kwa akili yako tu, kwamba ya mchana utaimeza pamoja na ya usiku.

Halafu jaribu. Funga Jumatatu moja ya Shaabani, kisha pumzika, kisha Alhamisi ya wiki nyingine. Andika ulichokunywa na ulichokula tangu Magharibi hadi Alfajiri. Kama siku ya majaribio, ukiwa nyumbani hujatoka juani, mkojo wa alasiri ulikuwa wa rangi ya chai ya rangi, basi usitegemee kwamba siku 30 mfululizo zitakwenda vizuri zaidi.

Usiku wenyewe

Adhana ya Magharibi. Tende moja na maji ya kawaida, si ya barafu, kwa mafunda madogo, mililita 150. Moja nayo ni witri, hujakosa kitu. Aliyefanyiwa baipasi awe mwangalifu zaidi: tende moja ndogo ina gramu 5 hivi za sukari, na kubwa zile nene zinazidi 15, na sukari hiyo ikiingia ghafla kwenye utumbo usio na kizuizi inavuta maji, moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, tumbo linasokota, wakati mwingine kuharisha kabisa. Hali hiyo hutokea ndani ya nusu saa. Kama umewahi kuipata, futuru kwa maji, maana maji nayo ni sunna pasipo tende, na tende yako uile nusu katikati ya mlo, baada ya samaki. Kwa sababu hiyohiyo juisi ya miwa, ya embe iliyotiwa sukari, kaimati zilizochovywa shira na tambi za sukari ziache zipite mbele yako. Najua zinanukia.

Swali Magharibi. Muda wa swala ndio muda wa maji kushuka.

Saa 1 na robo hivi kaa ule, na anza na protini. Kwangu mimi ni changu wa kuchemsha au wa mchuzi mwepesi, kipande cha kujaa kiganja bila vidole, ambacho kinakaribia gramu 80 na kinanipa protini gramu 16 hivi. Nachambua mwenyewe, nakitafuna hadi kiwe laini kabisa. Baada yake, kama nafasi ipo, vijiko viwili vya viazi vya nazi au muhogo. Huo ndio mpangilio, na watu wengi wa pwani unawashinda kwa sababu futari yetu imejengwa juu ya wanga: muhogo wa nazi, ndizi, magimbi, mikate ya sinia, uji. Ukianza na muhogo, mfuko umejaa, na protini ya siku imekosa mlango. Kuku mkavu wa kukaanga na pweza wa kutafuna sana havishuki vizuri, achana navyo mwanzoni mwa mlo.

Kula kwa dakika 20 hadi 25, ukisikia kifua kinabana simama papo hapo. Kijiko kimoja baada ya hapo ndicho kinachorudi.

Hapa nizungumzie sinia, maana hakuna kitabu cha hospitali kinacholizungumzia. Tunafuturu pamoja, macho yote yako kwenye mkono wako. Mama mkwe wangu, Mungu amhifadhi, ndiye anayegawa, na haamini kwamba mtu aliyefunga kutwa anaweza kutosheka na kipande cha samaki. "Mwanangu, hicho ulichokula ni cha ndege. Ongeza." Ukimjibu kwamba daktari amekataza, mjadala unaanza, mara shangazi naye yumo, mara unaulizwa kwa nini basi ulikwenda kukatwa. Mimi namwambia, "Mama, kitamu sana, naomba uniwekee nile nikitoka tarawehe." Anachukua bakuli, ananiwekea, anafunika na kawa, roho yake inatulia. Na kweli nikirudi nakula kidogo. Tangu nianze kusema hivyo sijawahi kusukumwa tena, na wagonjwa kadhaa wanaliona neno hilo linafanya kazi majumbani mwao. Ukialikwa kwingine, futuru kabisa tende na maji njiani, ufike pale wenzako wakiwa katikati ya mlo. Hakuna atakayehesabu.

Subiri nusu saa baada ya mlo. Inaangukia vizuri, karibu na Isha. Kisha chupa. Nenda na chupa ya maji msikitini, au kaa nayo pembeni ya mswala nyumbani, na kila baada ya rakaa nne mnapopumzika kunywa mafunda manne matano. Hadi tarawehe na witri zinaisha mililita 400 zinakuwa zimeingia bila kuzisikia. Kwa uzoefu wangu hapa ndipo funga ya mtu aliyekatwa tumbo inapopatikana au kukosekana. Asiyeswali tarawehe aweke kengele ya simu kila dakika 10.

Ukirudi, saa 3 na nusu, kibakuli cha shurba. Ngano iliyopondwa na nyama iliyochemshwa hadi ikasambaratika, pilipili manga, ndimu: inashuka, ina maji ndani yake, ina protini. Kama nyama ina nyuzi, isage. Nahesabu mililita 200 na protini gramu 8 hadi 10. Supu ya dengu inafaa vilevile kwa asiye na nyama.

Kati ya saa 4 na saa 5 kunywa maji mililita 250, halafu kabla ya kulala glasi ya maziwa ya mililita 200 niliyoongezea vijiko viwili vikubwa vya maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Hapo kuna protini gramu 12. Usitie sukari. Wanaopata tumbo kujaa gesi kwa maziwa, mtindi unawakubali zaidi.

Daku: maji kwanza, chakula mwisho

Amka saa 10, usiamke saa 10 na dakika 50. Watu wanaamka, wanakula, kisha wanataka kunywa, nusu saa ya kusubiri haijaisha na muadhini ameshapaza sauti. Sisi tunageuza. Ukiamka kunywa maji mililita 300, taratibu, kwa nusu saa, huku ukipika au ukisoma. Pumzika kidogo. Saa 10 na dakika 45 ndipo ule, na mlo huo ukifika karibu na Alfajiri umepata na sunna ya kuchelewesha daku. Mayai mawili ya kuchemsha au ya kuvuruga yana gramu 12. Ongeza vijiko vitatu vya choroko au maharage yaliyopondwa, na parachichi kidogo kwa ajili ya choo, maana kufunga choo kunatusumbua. Wali mtupu wa jana na chai ya maziwa ya sukari havitakufikisha adhuhuri.

Jumlisha sasa. Vinywaji: 150, 400, 200 za shurba, 250, 200 za maziwa na 300, ni lita moja na nusu. Protini: 16, 9, 12, 12, na ile ya choroko 4 au 5, inakwenda 53 au 54, lengo ni 60 na kuendelea, kwa hiyo kamilisha kwa kikombe kidogo cha mtindi au ongeza kipande cha samaki ulichowekewa na mama mkwe. Unaona jinsi ilivyo finyu. Mlo mmoja ukikupita, siku hiyo hujafika.

Kuhusu vidonge: maltivitamini na vidonge vya chuma vinywe na futari, pamoja na kitu chenye ndimu, bila chai wala maziwa. Kalisi ikae mbali na chuma kwa saa mbili, kwa hiyo dozi moja kabla ya kulala, nyingine na daku, miligramu 500 kila mara. Ukiwa na chaguo chukua kalisi sitreti, haihitaji asidi nyingi ya tumbo ili inyonywe. Chai yako ya rangi, kama huwezi kuiacha, iwe saa mbili baada ya chuma, na kikombe kimoja.

Sindano ya B12 inawatia watu wasiwasi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1997 liliamua kwamba sindano za ngozi, msuli au mshipa zisizo za lishe hazibatilishi funga, wala kutoa damu ya kupima. Dripu ya lishe inabatilisha. Ukitaka moyo wako utulie, omba uchomwe usiku au kabla ya mwezi kuandama, kwa kuwa dozi moja ya B12 inadumu wiki nyingi. Ila kujitoboa kidole kupima sukari fanya mchana bila hofu.

Lini ufungue

Funga yako ikatishe papo hapo ukizimia au ukikaribia kuzimia ukisimama, moyo ukienda mbio umekaa kimya, mkojo ukikata au ukiwa mweusi, ukichanganyikiwa, ukitetemeka na kutoka jasho la baridi. Kwa anayepima sukari, chini ya milimoli 3.9 kwa lita au juu ya 16.6, fungua hata ikiwa imebaki robo saa. Maumivu makali ya tumbo yasiyoacha, hasa juu kulia au yanayokwenda mgongoni, ni safari ya hospitali. Kutapika damu au choo cheusi kama lami, vilevile. Na usimeze diklofenaki wala ibuprofeni kwa kichwa kinachouma wakati wa futari; zinachimba vidonda kwenye tumbo letu hili. Parasetamoli inatosha.

Ukitapika siku nzima au zaidi na ukapelekwa hospitali, mwambie mtu wa kwanza utakayemkuta, kabla hajakuwekea dripu: "Nimefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo." Mwombe afikirie vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi, kwa sababu glukosi ikitangulia kwa mtu ambaye B1 imemwishia, ubongo unaweza kuumia. Mfundishe sentensi hiyo mumeo, mkeo, au mtoto mkubwa aliyepo nyumbani, kwa kuwa wewe siku hiyo huenda usiweze kusema.

Wakristo waliofanyiwa upasuaji huu nao wananiuliza, hasa Kwaresima inapokutana na Ramadhani kama ilivyokuwa Februari 2026. Kuacha nyama hakuna tatizo ukiwa na mayai, dagaa na kunde. Kufunga kavu siku tatu usiku na mchana, kama baadhi ya makanisa yanavyofanya, sikubaliani nako hata kidogo kwa mtu mwenye tumbo hili, hata awe amepita miaka mitano. Ongea na mchungaji wako, ufunge kwa namna nyingine.

Siku ya Idi, saa 2 asubuhi nyumba yote inanukia pilau. Kula mlo mdogo kama wa daku, protini kwanza, na vinywaji virudi mchana kidogo kidogo. Sita za Shawwali, ukizitaka, usizifululize mara baada ya Idi. Tawanya mwezi mzima. Na kama wiki nne baada ya Ramadhani rudi kliniki, upime tena damu ileile uliyopima Rajabu, ulinganishe karatasi mbili hizo pamoja na daktari, ndipo muamue habari ya mwaka unaofuata.